Uzi wa Buluu

Fundi cherehani hakuwa na subira na yule bibi wa kwenye tamthilia, aliyejifungia kwenye jumba la giza, akivaa magauni ya marehemu mama yake na kuzungumza na picha za ukutani.

"Yaliyopita si ndwele, mama! Fungua madirisha, uolewe!" aliifokea televisheni, na mdogo wake hana mbavu kwa kicheko.

Yalipoingia matangazo, mdogo mtu akataka kushona pindo la shuka lake. Akaisogelea cherehani ya pili, ya marehemu shemeji yake, akaushika uzi wa buluu uliofifia sindanoni ili auchomoe.

"We! Uache huo!" dada akaruka kitini. "Shemeji yako hajamaliza ile suruali."

Tamthilia ikarudi. Bibi wa jumbani hakutukanwa tena.