Nilifuta Baraka ya Mama kwa Sifa za Linux

Kosa ni langu, jamani. Msinitafutie kisingizio.

Mama alipokuwa hoi kitandani, siku chache kabla hajafariki, alimrekodia mdogo wangu Béa baraka ya siku ya ndoa yake. Kwetu Likasi binti hatoki nyumbani bila neno la mzazi, na baba alishatangulia. Sauti ile niliihifadhi kwenye kompyuta yangu. Simu iliyorekodi iliibwa sokoni, ikabaki nakala hiyo tu.

Nilikuwa natumia Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta, ile rahisi, ya kubofya-bofya. Ilinitosha kabisa! Lakini vijana wa kundi letu la simu wakanicheka, eti hiyo ya watoto, mtu mzima huweka ile ya mafundi, unayoiandikia kila amri kwa mkono. Kichwa kikanivimba.

Nilijua lazima kwanza ninakili vitu vyangu pembeni. Ila mtaani kwetu umeme huja kwa zamu, na betri ya kompyuta yangu ilikufa zamani. Asubuhi ile umeme ulipofika, niliona kunakili kutanichelewesha. Nikaruka hatua hiyo. Mjinga mimi!

Diski ilikuwa na vipande viwili, kimoja cha mfumo, kingine cha mafaili yangu. Nikaandika namba ya kipande cha mafaili badala ya kile cha mfumo. Hii ya mafundi haikuniuliza kama nina hakika. Ikafuta, ikajipanga juu yake. Fundi mmoja wa Lubumbashi aliihangaikia diski hiyo, akanirudishia akitikisa kichwa.

Na bado sikumwambia Béa. Niliona aibu. Nilinyamaza hadi asubuhi ya ndoa, shangazi wamekaa, baffle ya kutolea sauti iko tayari, bibi harusi amepiga magoti kwenye mkeka. Ndipo nikasema imefutika.

"Yaya, ata kidogo?" akaniuliza. Yaya ndivyo anavyoniita mimi mkubwa wake.

"Ata kidogo."

Shangazi mkubwa alijaribu kusema neno badala ya mama. Béa alitoka nyumbani analia, na si kilio cha bibi harusi.

Juzi amenipigia. "Miye siulizi mambo ya ordinateur, hiyo kompyuta yako, Yaya. Uniambie tu, mama alisema nini?"

Sijui! Mama alitutoa wote chumbani akarekodi peke yake, na mimi sikuthubutu kusikiliza neno lisilo langu.

Ninyi mnaoanza, mkichekwa chekweni. Nakilini kwanza, hata umeme ukiwakatikia. Umeme utarudi.