Majani Mabichi ya Mtende

Jumapili ya Matawi, kanisani hapa Vwawa, wenzangu hupunga majani ya mtende huku wakiimba. Mimi langu hulishika tu. Harufu yake inanirudisha kwenye joto la bonde la Momba.

Baba alikuwa fundi wa kupogolea mitende. Alikata majani makavu tu. "Bichi usiguse, mwanangu. Mti unakula kwa hilo."

Siku tuliyosikia kwamba mama amebaki Zambia na harudi, baba aliukwea mtende wetu akiwa na panga. Mabichi yakaanza kuanguka miguuni pangu.

"Baba, hayo mabichi!"

Aliendelea kukata. Aliposhuka, lilibaki shina tupu.

Tangu hapo aliumwagilia ndoo nzima kila jioni. Mimi nilimchotea maji, ingawa sote wawili tulijua ulishakufa.