Vipande Viwili vya Kofia ya Mjomba

Wiki iliyopita nilikuwa Mutsamudu kukagua duka langu jipya. La tatu hilo, na mimi shule niliiacha kabla sijajua kugawanya. Sijisifu, nenda bandarini Moroni uulize nani anayeshusha kofia za mashine kwa shehena, watakuonyesha mlango wangu bila kufikiri. Basi nikakata njia kwenye vichochoro vya mji wa kale, na nyumba moja walikuwa wanachemsha wanga wa muhogo, ule wa kukazia nguo. Harufu ile, rafiki yangu, ilinishika miguu. Nilisimama pale kama mtu aliyesahau alikokuwa anakwenda.

Nyumba ya bibi yangu, mjini humo humo, ilinuka hivyohivyo. Tulimwita Koko, kama watoto wa visiwa vyetu wanavyowaita bibi zao. Mimi nililelewa kwake, mama akiwa Moroni, kisiwa kingine, mtaa wa Badjanani. Huko kwa mama ndiko alikoishi mjomba wangu, mtoto wa kiume wa pekee wa Koko, akifanya kazi ya kupakua mizigo. Alikuwa amechumbia msichana wa kichochoro cha pili kutoka kwetu, na arusi ilisubiri arudi tu.

Koko alikuwa na kazi nne mkononi kwa wakati mmoja, na hakuna hata moja iliyolala. Baada ya sala ya alfajiri, macho yakiwa bado mapya, alishona kofia ya bwana arusi. Jua likipanda alitarizi foronya, maua mekundu na majani ya kijani. Baada ya adhuhuri, chakula kimeshuka, wali na samaki wa nazi, aliishika sindano yenye kulabu nchani na kufuma shuka la kitanda, jeupe, linalokua taratibu hadi likamfunika magoti. Na alasiri alitoa uzi wa sufu, akafuma soksi na kikofia cha mtoto mchanga.

Jirani yetu, aliyemwita Koko Bweni kwa heshima, kama kusema mama mkubwa, hakuweza kulinyamazia hilo.

"Bweni, mtoto gani huyo wa kuvaa sufu kwa joto hili?"

"Mjukuu wangu. Akizaliwa wakati wa upepo, je?"

"Mwanao hata hajaoa!"

"Ndiyo maana naanza mapema. Wewe ungeanza mapema, wako wasingevaa mashati ya baba yao."

Jirani alicheka mpaka akashika ukuta. Nami nilicheka, ingawa shati nililovaa lilikuwa la mjomba.

Sasa sikiliza habari ya kofia, maana watoto wa leo hawaijui. Kofia ya kwetu hushonwa vipande viwili, kile cha juu cha duara na ukanda wa kuzunguka kichwa, vyote vimejaa vitobo vidogo vilivyozungushiwa uzi kimoja kimoja. Vipande hivyo Koko hakuviunga mpaka mwenye kichwa awepo, akae chini mbele yake, apimwe kwa uzi. Kuunga kwa kukisia ilikuwa kazi ya sokoni. Mtoto wako humkisii kichwa.

Hiyo ilikuwa miaka ya mamluki. Wazungu wale walikuwa wameshika jeshi, wakiwa na vijana wetu chini yao, na watu walijifunza kusalimiana bila kusema kitu. Mjomba hakujifunza. Siku moja alifika mtu kutoka Moroni, akakataa hata kuketi, akamwambia Koko kwamba mwanawe amechukuliwa na askari mchana, bandarini, kwa neno alilolisema mbele ya wenzake. Neno lenyewe hakulitaja. Mpaka leo silijui.

Koko alifunga kazi zake zote nne kwenye kanga, akanishika mkono, tukapanda boti ya mizigo. Nilitapika njia nzima. Moroni hakwenda kulia kwa mama. Alikwenda kuketi nje ya ukuta wa kambi, siku moja baada ya nyingine, akishona. Kofia, foronya, shuka, sufu, kila kazi kwa saa yake, kama vile yuko kizingitini kwake. Mzungu mmoja alikuwa akipita kwa gari, anatazama, anacheka, anapita.

Mwisho akaja askari kijana, wa hapahapa, sura ya mtu aliyelelewa vizuri.

"Koko, nenda nyumbani. Hayupo."

"Hayupo leo, au hayupo kabisa?"

Kijana akatazama nyuma yake kwanza. Kisha akatazama mapajani mwa Koko.

"Kofia ya nani hiyo?"

"Yake. Imekwisha, mwanangu, imebaki kuunga tu. Mtoeni hapo mlangoni nimpime, kisha mrudisheni. Sitasema naye neno."

Yule askari aliinama karibu naye.

"Iunge tu, Koko," alisema. "Usingoje kichwa."

Hivyo ndivyo tulivyopewa habari. Hatukupewa mwili, hatukupewa kaburi.

Tulirudi Mutsamudu na Koko akaendelea na kazi tatu zilizobaki, kwa mwendo uleule. Shuka lilikwisha. Foronya zilikwisha. Yule msichana alipoozwa mtu mwingine, Koko alimpelekea zote, zimefuliwa na kupigwa wanga, na alipojifungua akampelekea sufu. Vipande viwili vya kofia hakuviunga. Alizikwa navyo, sisi wenyewe tuliviweka.

Lakini kabla ya hapo aliketi miaka kizingitini, mikono mitupu. Jirani alikuwa akimletea uzi, anambembeleza: "Bweni, anza basi hata kofia moja." Na Koko alimjibu kwa upole, "Nimshonee nani? Sina kichwa."

Mimi nilikuwa nimeketi hapo hapo, miguuni pake, kichwa changu kikigusa magoti yake.

Nimejenga ghorofa Itsandra. Nimewaoza binti zangu kwa sherehe ambazo watu bado wanazisimulia, na hakuna hata mmoja kati yao anayejua kushika sindano. Yule jirani amekufa, nyumba ya Koko imeanguka upande mmoja. Kofia ninazo makasha kwa makasha, za kila saizi. Asubuhi naingia ghalani, nachukua yoyote iliyo juu, naijaribu. Ikibana, nachukua nyingine.