Fulana Niliyoivaa Zhanxi

Sisi tunaofuata nguo Guangzhou tuna tabia moja: sampuli hatuibebi mfukoni, tunaivaa, fundi aone inavyokaa mwilini. Basi nikatinga Zhanxi, soko la nguo la huko, na fulana ya mtumba niliyoiokota Ilala, kifuani jua kubwa jekundu, miale imefika mabegani. Vijana wa Dar walikuwa wananiganda niwaletee kama ile. Nilitaka nishonewe mia tano, na kwenye duka langu la siku zote tu, maana kwa miaka kumi riziki yangu yote ilitoka pale.

Bosi wa duka, mama mtu mzima aliyejifunza Kiswahili kwetu sisi wateja, alikuwa stoo. Nilimkuta mama yake, bibi wa miaka tisini na kitu, anapunguza nyuzi kwenye vifungo. Nikamwamkia. Akainua macho, akakiona kifua changu.

Lahaula! Alinirukia na mkasi. Pigo la kwanza lilichana kitambaa, la pili likanichana mimi. Nikamkamata mikono, akaniuma kidole mpaka nikapiga ukelele. Nilipandwa na hasira, kidogo nimbamize ukutani, Mungu anisamehe.

Binti yake, yule bosi, akaja mbio kutoka stoo, akatuachanisha. Alipoiona fulana, uso ukambadilika.

"Vua! Hiyo bendera ya jeshi la Japani!"

"Dada, mimi niliona picha tu!"

Nikajua duka limenitoka.

Bibi akaanza kusema Kikantoni, binti ananitafsiria. Bibi akiwa mtoto, ndege za Kijapani ziliumiminia mji huu mabomu, vipande vya watu vikabaki vinaning'inia kwenye nyaya. Kisha wakaja askari, wakasimika bendera ile mlangoni kwao. Mama mzazi wa bibi akamsukumia bibi nyuma ya magunia ya mchele. Mdogo wake, kitoto kichanga, akalia. Askari akamchoma kwa singe ya bunduki yake, akamnyanyua nayo juu, wenzake wanacheka. Halafu wakamgeukia mama.

Hapo tafsiri ikakatika. Binti alibaki anamkodolea macho mama yake. Miaka sitini wameishi pamoja, hajawahi kusikia kuwa alikuwa na mjomba.

Nikaivua fulana, nikapiga magoti nikaomba radhi. Mzigo wa Dar hata sikuukumbuka. Bibi akaikatakata vipande vidogo vidogo, akachovya kitambaa safi majini, akanifuta damu kifuani.

Binti akamuuliza kitu taratibu. Bibi akatikisa kichwa.

"Umemuuliza nini?" nikasema.

"Jina la mjomba wangu. Anasema hakuwa nalo. Kwao mtoto alipewa jina akitimiza mwezi."