Mkunga Aliyechorwa Mchawi

"Haya matiti ni ya nani, Nonoy? Mimi nina miaka sitini na mitatu!"

Manang Lukresya, mkunga wetu, alikuwa amemkaba Delfin kola mbele ya kibanda changu cha kukodisha vitabu vya katuni. Delfin, ambaye Manang bado humwita Nonoy, yaani kijana, ndiye huvichora, huko Manila. Alikuwa amerudi kwetu Capiz kwa sikukuu ya mtakatifu wetu.

Nikakitazama kitabu alichoshika Manang. Wiki nzima nimekikodisha, sikuona! Aswang, mchawi anayeruka usiku kula vichanga tumboni, alikuwa na midomo myekundu kwa tambuu kama Manang, chupa yake ya mafuta ya nazi kiunoni, na nywele zimefumuliwa kama anavyozifumua anapozalisha, maana fundo lolote chumbani humfunga mtoto njiani. Kifua wazi, mapaja nje. Msichana shujaa sasa! Vifungo hadi kidevuni, rozari mkononi.

"Mhariri ndiye alitaka, Manang. Mchawi mzee hauziki. Alisema nimchore mtamu, wanaume wamtamani, halafu wafurahi akichomwa."

"Wafurahi?"

"Mapadri wa Kihispania ndio waliowaita waganga wa kike wachawi. Mimi nimezaliwa nikayakuta."

"Umezaliwa mikononi mwangu, mshenzi wewe!"

Tangu ana miaka kumi na tisa anazalisha, na nusu ya kijiji imepita mikononi humo. Sasa, kwa sababu ya kitabu hicho, wenye mimba walikuwa wanamfungia milango. Jirani yangu Rosenda, mwezi wa tisa, mama mkwe wake alishatundika vitunguu saumu dirishani kumfukuza aswang.

Kesho yake uchungu ukamshika Rosenda. Hadi alasiri mtoto hatoki. Mama mkwe akaja mwenyewe kumwita Manang, macho chini.

Manang akaenda na nywele kazibana kwa pini, kichwa kama yai. Mimi nilishika beseni, siamini: mwanamke huyu kaona aibu ya nywele zake! Akakanda tumbo, akakanda. Wapi.

Rosenda akapiga kelele: "Manang, fumua nywele! Unataka nife?"

Mama mkwe akajifunika uso. Manang akanitazama mimi, kisha akazing'oa pini moja moja, zikalia sakafuni. Haukupita muda, mtoto akatoka, wa kike, wa bluu, halafu akalia kwa hasira.

Nilirudi nyumbani. Kitinda mimba wangu ana miaka sita, na kuku wa kumlipa Manang kwa kumzalisha sikuwahi kumtoa. Nikamkamata jike mmoja, nikampelekea Manang.

Akambonyeza kidari.

"Amekonda," akasema, akamtia kwapani.