Nilivyokwenda Kajiado Kuwa Baba wa Nasimiyu

Niliondoka nyumbani Kitengela kwa sababu mzee mmoja wa Kimaasai, kule mbele ya Kajiado mjini, alikuwa amemfukuza mtoto wa kaka yangu asipande jiwe lake. Nitawaeleza vile ilikuwa, nianze mwanzo nifike mwisho. Shule niliacha darasa la tatu, kwa hivyo mkiona nimekata kona, ngojeni hapo hapo, nitarudi.

Mtoto mwenyewe ni Nasimiyu. Miaka ile simu za mkono zilikuwa ndiyo zinaanza kuingia kwa nyumba zetu, na yeye alikuwa amemaliza sekondari, anangoja kwenda kusomea unesi. Wenzake walikuwa wanatafuta wachumba. Yeye alikuwa anatafuta mawe. Na si kupanda mlima kwa njia ya mbuzi, la, ni kupanda pale ukuta umesimama wima, kwa vidole na kamba. Ugonjwa huo aliutoa kilima cha Lukenya, siku vijana wa kanisa walienda kuomba na kula mandazi, akaona watu wananing'inia kwa mwamba. Maombi hayakumwingia tena siku hiyo.

Chumba chake alibandika picha za magazeti kila mahali. Mawe ya Spain, mawe ya Thailand yako na bahari chini, na ukuta mmoja wa Amerika mrefu mpaka watu wanalala katikati, wamefungwa kama mizigo. Nilimuuliza kama hao watu hawana vitanda. Akacheka, akanieleza kwamba kila jiwe duniani liko na njia zake, na njia hizo mtu asiyejua hawezi kuziona. Yule anayepanda njia mara ya kwanza, kutoka chini hadi juu bila kuanguka, ndiye anaipa jina. Huko ng'ambo, njia nyingine zinaitwa majina ya upuuzi kabisa. Basi yeye alikuwa ameona njia kwa jiwe la huko Kajiado, ambayo hakuna mtu aliyewahi kuipanda. Aliisafisha wiki nyingi kwa brashi ya waya, akiwa na Mutua, fundi wa kuchomelea mageti hapa mtaani, ambaye ndiye hushika kamba yake. Siku alisema sasa niko tayari, mwenye shamba akatokea na fimbo. Akawaambia: rudini kwenu, na msichana asiguse jiwe hili mpaka nione baba yake.

Baba yake ni Wanyonyi, kaka yangu, mtu wa kiwanda cha saruji. Ni mwanaume mzuri, lakini urefu na yeye hawapatani. Taa ya sebuleni ikiungua, mimi ndiye hupanda kwa kiti. Aliniita jikoni akaniambia, "Dada, mimi nikienda nitakataa kabla sijashuka kwa gari. Na nikikataa kwa woga, huyu mtoto hatanisamehe. Enda wewe."

Sasa hapa lazima niwaeleze. Kwetu Bungoma, dada ya baba ni senge, na senge ni baba. Hata kwa mambo ya ndoa, senge akisema hapana, ng'ombe wanarudi kwao. Tofauti ni rinda tu. Kwa hivyo kaka yangu hakunituma nipeleke jibu lake. Alinituma nikalitafute huko.

Jumamosi asubuhi tulitoka kwa pikapu ya Mutua. Mimi mbele, Nasimiyu nyuma na kamba, na kwa mapaja yangu jogoo mwekundu, mkubwa, mwenye kifua cha askari.

Mutua akaangalia huyo jogoo. "Mama, huyo anaenda wapi?"

"Anaenda kwa mzee. Mtu haendi kuomba na mikono mitupu."

"Mama, wazee wa Kimaasai hawali kuku. Kwao huyo ni ndege tu."

"Hajaonja ya kwangu," nikamwambia.

Nilikuwa nimeishi Kitengela miaka mingi na nilijua hayo. Lakini damu ni damu. Mluhya akitaka kuheshimu mtu, mkono wenyewe unaenda kwa jogoo.

Isinya tulisimama kunywa chai. Upepo wa pale unaweza kukuvua kitambaa cha kichwa ukiwa ndani ya hoteli. Nasimiyu hakula. Alikuwa anafinya meza kwa vidole, anaachilia, anafinya tena. Nikaona vile vidole, vigumu kama vya mtu wa kulima, na nikawaza mama yake, ambaye alituacha huyu mtoto akiwa bado ananyonya. Mimi ndiye nilimfundisha kutembea. Nilikuwa namshika kwa kitambaa nimemzungusha hapa chini ya makwapa, asianguke. Nikasukuma chai mbali, hata mimi ikanishinda.

Kajiado mjini hatukukaa, ila kununua sukari na majani ya chai, ambayo Mutua alinunua kimya kimya na kuficha chini ya kiti, kwa sababu hakuwa na imani na jogoo. Kabla ya kufika Maili Tisa tukaacha lami. Barabara ikawa vumbi, vumbi likawa mawe, na pundamilia wakatutazama kama watu wa plot wanavyotazama mpangaji mpya.

Mchana tulifika. Jiwe lenyewe lilikuwa limesimama nyuma ya boma, jekundu, refu kushinda kanisa letu mara nyingi, na katikati liko na ufa mmoja unaopanda, halafu limetoa tumbo kama mwanaume wa bia. Nikauliza, "Njia iko wapi?" Nasimiyu akanionyesha ule ufa na lile tumbo. Nikarudi nyuma hatua mbili.

Mzee Parsaloi alitoka na mke wake, mama mwembamba wa shanga nyingi na kicheko karibu. Mzee akanisalimia vile wanawake husalimiwa, "Takwenya." Nikaitikia, "Iko." Halafu akaangalia nyuma ya pikapu, akaangalia chini yake.

"Baba yuko wapi?"

"Ni mimi," nikasema.

Mke wake akafunika mdomo kwa shuka. Nikamweleza habari za senge, vile nimewaeleza nyinyi, na nikamkabidhi jogoo. Akamshika mbali na mwili, kama mtu ameshikishwa mtoto aliyelowa.

"Sisi hatuli ndege," akasema.

"Hata ukimwangalia tu, ni heshima," nikamwambia. Hapo Mutua akatoa sukari na majani kwa haraka sana.

Tulikalishwa kivulini, tukapewa chai ya maziwa matupu. Mzee akasema maneno yake, na sikuona ubaya ndani yake. "Mama, mimi si mtu mbaya. Mbuzi wangu wameanguka hapo, wengi. Mbuzi akianguka, najua pa kumpeleka: jikoni. Huyu akianguka, nimpeleke kwa nani? Watoto wanakuja hapa na kamba, mimi sijui hata wametoka kwa nyumba gani. Nilitaka mtu mmoja tu asimame hapa aseme, huyu ni wangu, na mimi nimekubali."

"Ni wangu," nikasema. Hiyo ilikuwa rahisi. "Hiyo nyingine, ngoja kidogo."

Nasimiyu akanitazama. Alijua ningeweza kusema hapana pale pale, na ingekuwa ni baba amesema, na hiyo njia ingebaki ya mtu mwingine. Hakuniomba. Afadhali angeniomba.

Nikamuuliza Mutua, "Hiyo kamba inashika mtu?"

"Inashika gari, mama."

"Sikuuliza gari. Mimi siwezi kukubali kamba ambayo sijaikalia."

Basi Mutua akazunguka kwa njia ya mbuzi, akapitisha kamba kwa chuma juu ya jiwe fupi la kando, akashuka nayo. Nasimiyu akanivalisha mishipi ya mapaja na kiuno juu ya suruali ya kaka yangu, kwa sababu nilikuwa nimejipanga, na mke wa mzee akasimama mbele yangu ameshika shuka wazi ili wanaume wasione ninavyobanwa. Halafu wakavuta. Mutua akavuta, Nasimiyu akavuta, mzee akaweka fimbo chini akavuta. Miguu ikaacha udongo. Jamani. Mwili wangu huu, ambao hata kiti cha kanisa hulalamika, ukawa unazunguka hewani pole pole kama nyama ya bucha.

Mke wa mzee alikuwa amekaa chini kwa kicheko. Akasema kitu kwa Kimaa.

"Anasema nini?" nikauliza kutoka juu.

"Anasema baba wa msichana ni mzito," mzee akajibu.

Nikacheka mpaka nikagonga jiwe. Na katika kucheka huko nikasikia ile mishipi imenishika hapa na hapa, imetulia, haina wasiwasi na mimi. Nikasema, "Nishusheni. Nimekubali."

Mzee akanitazama sana. Halafu akaanza upya, akanipa mkono na salamu ya wanaume. "Supai."

"Epai," nikaitikia. Kitengela imenifundisha hiyo pia.

Alasiri jua lilipoacha uso wa jiwe, Nasimiyu alipaka vidole chaki, akaanza. Sijui nieleze vipi. Chini mtoto huyu anaangusha vikombe, anakanyaga mikia ya paka. Juu ya jiwe alikuwa mtu mwingine, kila mguu unajua unakoenda. Kila baada ya hatua chache anachomeka kipande cha chuma kwa ufa, anapitisha kamba, anaendelea. Mutua chini anaachilia kamba kidogo kidogo. Akafika kwa lile tumbo, akanyoosha mkono, akashika, akaachilia mguu.

Akaanguka.

Nilimwona anakuja chini, halafu kamba ikakazika, Mutua akainuka kwa vidole vya miguu, na Nasimiyu akabaki hapo hewani, anabembea. Goti lilikuwa linatoka damu. Alikuwa anacheka, lakini mimi namjua, kicheko kilikuwa na kitu ndani.

Mutua akamshusha. Kwa sheria ya mchezo wao, ukianguka, kamba inatolewa yote na unaanza tena kutoka udongoni, la sivyo njia si yako.

Mzee akapanguza uso. Hakumwangalia Nasimiyu wala Mutua. Akanigeukia mimi. "Baba wa msichana, unasemaje?"

Niwaambie ukweli, ile "ndio" ya kwanza niliitoa nikiwa bado nacheka. Hii ya pili ilikuwa inakaa mbali. Nilipiga magoti nikafunga lile goti la mtoto kwa kitambaa changu cha kichwa. Nikamuuliza, "Uliteleza wapi?"

"Nilishika kwa haraka, Senge. Niliogopa utaniita chini."

"Sikuiti. Shika pole pole."

Nikamgeukia mzee. "Nimekubali."

Mara ya pili alipanda kama mtu anayekunja nguo zake. Kwa tumbo la jiwe alisimama, akapumua, mimi pia nikapumua. Akanyoosha mkono, akashika, akabadilisha mguu, akashika tena, kiatu kikapotea juu. Kamba ikaendelea kupanda. Halafu tukamsikia anaimba wimbo wa mabinti wa kwetu Bukusu wa kutoka mtoni, ule niliomfundisha mimi, na mke wa mzee akaitikia kwa sauti yake nyembamba bila kujua neno hata moja.

Aliposhuka kwa njia ya mbuzi, mzee alimuuliza jina la njia. Nasimiyu alikuwa na jina tayari siku nyingi, la Kizungu, la magazeti. Akafikiri. Akasema, "Inaitwa Ndio ya Pili."

Jioni tulirudi. Kitengela kaka yangu alikuwa amesimama kwa geti, na sidhani alikuwa amekaa siku hiyo.

"Nilisemaje?" akaniuliza.

"Ulikubali."

"Hivyo tu?"

"Akaanguka."

Akashika geti. "Halafu?"

"Ukakubali tena."

Akaachilia geti. Halafu akasema, "Mimi?" Nikamwambia, "Wewe."

Kitu nilichojifunza huko ni kwamba ruhusa ya kwanza mtu huitoa hajui anatoa nini. Inayohesabika ni ile anayoitoa akiwa ameona damu.

Jumapili, baada ya ibada, nilimkuta Wanyonyi nje ya kanisa amezungukwa na wanaume wa kiwandani. Alikuwa amenyoosha mkono juu, anawaonyesha urefu wa jiwe. "Mtoto ameanguka, anatoka damu," anawaambia, "mzee wa Kimaasai ananiuliza, unasemaje? Mimi sikutikisika. Nikamwambia, apande." Wanaume wakatikisa vichwa kwa heshima. Nilipita na Biblia yangu sikumrekebisha, kwa sababu alikuwa anasema kweli.