Sahihi ya Marehemu kwenye Kibali cha Bunduki

Kibali cha bunduki ya baba kilihuishwa miezi saba baada ya kumzika. Muhuri unasomeka, tarehe inasomeka, na chini yake iko sahihi yake.

Nilikikuta nyumbani kwa mama, mtaa wa Huruma. Nilitaka bunduki irudishwe polisi, kwa sababu mjane akikutwa na silaha ya marehemu chini ya kitanda, hiyo ni kesi. Mama alidai karatasi zilipotelea kwenye matanga. Zilikuwa ndani ya sanduku lile lile la bunduki.

Ni bunduki ya marisau, ya mtutu mmoja, aina waliyonunua wakulima kufukuzia nyani. Baba, karani wa reli, aliipata ikiwa imeshatumika, ilinde mahindi yetu huko magharibi. Haina nakshi. Kitako ni mti wa kawaida uliopakwa rangi ufanane na mti wa bei. Lakini ukiifunga inajibu kwa mlio mmoja mkavu, na hakuna kinachocheza. Baba aliipenda kwa hilo, nami pia. Aliipangusa kwa kipande cha fulana na mafuta ya cherehani ya mama.

Siku hiyo niliifungua, nikatia kidole mtutuni. Kilitoka na mafuta mabichi.

Kwanza nilimshuku baba mdogo. Anafanana na baba hadi mwendo. Kitambulisho cha baba tulikisalimisha alipofariki, kwa hiyo aliyekwenda kituoni hakuwa nacho. Labda alikwenda na uso tu.

Nikamfuata soko la Burma, anakouza nyama.

"Baba mdogo, hebu niandikie sahihi ya baba."

"Umeacha kazi ya gazeti ukawa afande?" Wateja wakacheka. "Leta hiyo karatasi. Na ukinifunga, uje uuze matumbo mwenyewe."

Akaandika kwa mistari iliyonyooka, kama baba wa zamani. Lakini baada ya kupooza upande wa kulia, baba alisaini kwa mkono wa kushoto, herufi zikitetemeka kama zile za kwenye kibali. Waliomwona akisaini hivyo ni mimi, na mama aliyemshikia karatasi.

Nikarudi Huruma. "Mama, tukienda polisi wataanza na wewe. Watauliza nani alisaini."

"Basi si wiki hii," alisema, akilisukuma sanduku kwa mguu. "Nina akina mama wa kanisa."

Wiki tatu zimepita. Bunduki haijatoka pale, na kibali kinamalizika mwezi ujao.